Shuka ya Bibi Turkiya

Kesho yake Bibi Turkiya alikuwa anarudi kutoka hospitali, na Ghaliya, mke wa mwanawe, alikuwa hajaacha kitu ndani ya nyumba ile bila ya kukipitishia maji. Mapazia yameteremshwa, magodoro yameanikwa uani, mazulia yamepigwa fimbo mpaka yakaomba radhi. Na ukiwajua watu wetu wa Manah, huku Omani, hutomcheka. Mgonjwa akirudi, nyumba haina mlango tena. Watakuja wa Nizwa, watakuja wa Samail, watakuja na wale wa Ibra ambao hata harusini hawaonekani. Kila mmoja atakaa, atakunywa kahawa, na jicho lake litazunguka pembe zote nne. Hapo ndipo itakapojulikana Ghaliya ni mkwe wa namna gani.

Alipomaliza kusali alfajiri aliingia chumbani kwa mama mkwe wake kumalizia kufagia. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Akakivuta. Shuka ya marekani, imeviringishwa na kukazwa kwa ugwe. Nyeupe kwa jina tu. Ilikuwa na mabaka ya kahawia, imekakamaa, na inanuka kama zizi la mbuzi.

Ghaliya akaketi kitako pale pale chini. "Ya Rabbi," alisema. "Maskini Mama."

Alizikumbuka siku zile za homa, kabla hawajamkimbiza hospitali, Bibi alipokuwa hawezi kufika msalani na hataki kumwamsha mtu. Kwa Ghaliya mambo yalikuwa wazi: bibi wa watu alijichafua, akaona haya, akaificha. Mwanamke ambaye tangu Ghaliya aingie nyumba ile hajapata kumkuta hata siku moja bila ya udi nguoni! Machozi yalimlenga.

Hakuikunjua ile shuka. Mtu hamkunjulii mzee wake aibu. Aliifunika kwa kanga, akamwambia dada wa kazi akapike uji jikoni na asitoke, akajifungia bafuni kwake, akaifua kwa mikono huku akiangalia ukuta. Akaisuuza, akaitia dawa, akaisuuza tena. Ilipokauka akaipiga pasi, akaifukiza udi wa mkebe wa sikukuu, akaitandika kitandani kwa Bibi. "Mola amsitiri," alisema, "na mimi anisitiri nitakapozeeka." Akakata shauri kwamba hilo hatalisema kwa mtu, hata kwa Khalaf, mumewe.

Sasa sikiliza wema ule ulivyomrudia.

*

Shuka ile haikuwa na aibu ya mtu. Ilikuwa kazi ya Ahlam, binti wa Ghaliya mwenyewe, ya kumalizia masomo.

Ahlam alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Nizwa, anasoma sanaa. Mwalimu wake, Ustadha Balqis, aliwasomesha habari za Wajapani wa baada ya vita kuu. Kundi la wachoraji waliojiita Gutai. Miji imeungua, watu wamechoka, na wao mkubwa wao anawaambia: fanyeni ambalo hajalifanya mtu kabla yenu. Basi mmoja akajining'iniza kwa kamba akachora kwa miguu. Mmoja akajitupa kwenye rundo la udongo akapigana nalo kama anayepigana na mwizi. Mmoja akazipasua karatasi kubwa kubwa kwa kuzipita na mwili wake mzima. Mwanamke mmoja akavaa nguo ya taa za umeme, zinawaka zinazima. Ahlam alirudi nyumbani macho yamemtoka, akamwonesha bibi yake picha kwenye simu.

"Huyu anafanya nini?" Bibi aliuliza.

"Anapigana na udongo, Bibi. Ile udongo ndio sanaa yake." Ahlam alisema Kiswahili cha waliozaliwa Nizwa, kifupi, ngeli kaziacha Unguja.

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Na mkewe yupo anamtazama?" Bibi aliisogeza simu karibu na pua. "Huyu hajui kukanda, mwanangu. Udongo haupigwi ngumi. Udongo hukandwa kwa kisigino. Lo! Vita vimekwisha, hawa hawana nyumba, kwa nini wasikandike nyumba wakalala?"

"Si ya nyumba, Bibi. Walitaka kuanza upya."

Bibi akamrudishia simu. Naye alizaliwa Wete, na siku alipoondoka Pemba hakuondoka na kitu ila nguo za mwilini. "Hapo nimewafahamu," alisema. "Anayeanza upya huanza na udongo. Nasi tulikuwa tukikandika. Nyumba ya mtu mmoja, mtaa mzima miguuni. Njoo nikuoneshe."

Siku hiyo Ghaliya alikuwa Samail kwa dadake. Bibi na mjukuu wakaenda shambani, wakachanganya udongo wa kando ya falaji, mfereji wa maji ya shamba, na majani makavu na samadi ya mbuzi, maana Bibi alisema udongo bila ya samadi ni chai bila ya sukari. Ahlam akaitandaza marekani chini. Bibi akapandisha nguo mpaka kwenye fundo za miguu, akakanda, akaipita ile shuka kutoka pindo hadi pindo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku akiimba wimbo ambao maneno nusu yake ameyasahau. Ustadha Balqis alipooneshwa picha alisimama. "Hiyo ndiyo utakayoionesha," alisema. "Usiiguse tena. Iviringishe, iweke mahali pakavu." Mahali pakavu ndani ya nyumba ile palikuwa chini ya kitanda cha Bibi.

Kisha kikaja kiatu kipya cha harusini, kikamtoboa Bibi kidole cha mguu wa kulia. Na Bibi ana sukari. Kidole kikawa cheusi, weusi ukapanda, na madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Khalaf aliuzika kwa mkono wake makaburini, umevikwa kitambaa cheupe, akarudi hospitali.

"Umenichagulia mahali pazuri?" Bibi alimwuliza.

"Mama!"

"Nauliza tu. Nimeanza kuzikwa kwa vipande, si nijue jirani zangu ni akina nani? Alhamdulillah, wamekata mguu, hawakukata ulimi."

Kwa hiyo dunia nzima, mguu wa kulia wa Bibi Turkiya ulikuwa umebaki mahali pamoja: kwenye shuka ile. Na shuka ile ndiyo iliyokuwa isimame mbele ya kamati ya chuo, na bila yake Ahlam hana cha kuonesha na mwaka wake umepotea.

*

Bibi alirudi, na nyumba ikajaa. Wanawake walimzunguka kitandani, juu ya marekani inayonukia, na yeye katikati anapokea pole kama bibi harusi anayepokea hongera. Bi Buthaina, jirani wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Bujumbura, alikuwa amekaa karibu kabisa na sinia ya halwa. Ghaliya alikuwa amesimama na birika, anamimina kahawa.

Ahlam akaingia na abaya yake ya chuo. Akawaamkia wote, shikamoo mmoja mmoja, kisha akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda. Akachungulia upande wa pili.

"Mama, ile kitambaa yangu iko wapi? Iliyokuwa hapa chini. Ustadha anaitaka wiki hii."

Mkono wa Ghaliya ulisimama hewani. "Kitambaa gani?"

"Marekani. Imefungwa na ugwe. Ile ya udongo, ya miguu ya Bibi."

Ghaliya aliitazama shuka aliyolalia mkwewe. Akafahamu yote kwa mara moja.

"Ile ilikuwa yako?" alisema polepole.

"Umeifanya nini?"

"Nimeifua, mwanangu."

Ahlam aliivuta pembe ya shuka. Nyeupe pe! Hakuna kisigino, hakuna kidole. Akaipeleka puani, ikanukia udi. Hapo adabu ikamtoka, na mbele ya watu.

"Umefua mguu wa Bibi! Haupo tena! Baba kauzika, na wewe umeufua! Huwezi kuuliza? Mara moja tu, huwezi kuuliza? Wewe hujui kitu, Mama. Hujui kitu duniani isipokuwa sabuni!"

Vikombe viliwekwa chini. Mmoja alikohoa. Bi Buthaina alitikisa kichwa, kwa huruma ile inayochoma kuliko matusi. "Usilolijua ni usiku wa giza, Ghaliya," alisema. "Na hawa watoto wetu wamesoma. Mtu huuliza."

Neno moja tu lingemwokoa Ghaliya. Angesema, "Nilidhani Mama amejichafua," na kila mwanamke mle chumbani angesema maskini, haya, wallah hata mimi ningefua. Lakini neno hilo lingemvua nguo mama mkwe wake mbele ya majirani. Alilimeza.

"Nimekosa," alisema. "Nisameheni." Akaendelea kumimina kahawa, na kahawa ikamwagika mkononi, na yeye hakusema hata ai.

Ahlam alitoka akibamiza mlango. Bibi Turkiya alikuwa anautazama ule mkono uliomwagikiwa kahawa.

*

Adhuhuri wageni walikwenda zao. Khalaf alirudi kutoka kazini, akakuta kila mtu ana uso wake. Alipoelezwa akamgeukia mkewe.

"Lakini na wewe, Ghaliya. Shuka ya mtoto..."

"Khalaf," Bibi alimkata. "Kaa kitako. Niitie Ahlam. Na wewe Ghaliya njoo hapa, usinikimbie."

Walikuja. Ahlam macho yamevimba, hamtazami mamake. Bibi akaipapasa shuka chini yake.

"Uliifua kwa mashine?"

"Kwa mkono, Mama," alisema Ghaliya.

"Una mashine mbili nyumba hii. Kwa nini kwa mkono?"

Ghaliya alitazama chini.

"Dada wa kazi alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Uliifulia wapi?"

"Bafuni kwangu."

"Umejifungia?"

Bibi alimtazama Ghaliya, akaitazama shuka, na kicheko kikaanza kumtoka tumboni, kidogo kidogo, mpaka akashika mbavu. Akacheka hadi machozi yakamtiririka, kisha ikawa haijulikani kama bado anacheka.

"Samadi ya mbuzi!" alisema. "Wee Ghaliya! Ulidhani ni mimi!"

Ahlam akageuka, kwa mara ya kwanza akamtazama mamake.

"Ulidhani ni Bibi?" alisema.

"Nilidhani ameificha," Ghaliya alisema kwa sauti ya chini. "Nikasema asijue mtu."

"Na leo asubuhi? Watu wote wanakutazama, mimi nakutukana, kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Ahlam? Mbele ya Buthaina?"

Bibi alimshika mkono ule wenye kahawa. "Nina watoto watano," alisema, "na huyu si wa tumboni kwangu. Ahlam, uliza mama yako anajua nini zaidi ya sabuni. Mimi nitakwambia. Anajua kumsitiri mtu na yeye mwenyewe akavuliwa. Wasomeshe hayo huko chuoni kwenu, kama yupo ustadha anayeyaweza."

Ahlam alipiga magoti. Akambusu mamake kichwani, akambusu mkono, akarudia kichwani, na akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. "Nisamehe, Mama. Nisamehe. Sikujua."

"Nishasamehe zamani," Ghaliya alisema, naye analia. "Lakini mguu wa Mama nimeufuta kweli. Huo sitaurudisha."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema Bibi, akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Wajapani wako wanasemaje, Ahlam? Miji imeungua, wakafanya nini?"

"Wakaanza upya."

"Basi kalete udongo."

*

Kulikuwa na ugomvi, bila shaka. Khalaf alisema daktari kakataza. Bibi akasema daktari kakataza sukari, hakukataza udongo. Khalaf akasema mguu uliobaki ukipata hata mkwaruzo wataukata na huo. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa tayari kuuza mguu wa mwisho wa Bibi kwa ajili ya kitambaa. Ahlam mwenyewe alisema basi, khalas, atarudia mwaka.

Aliyetoa dawa ni Ghaliya. "Udongo niachieni mimi," alisema.

Aliuchukua udongo, akauanika juani, akauponda, kisha akauchekecha kwa chekeche la unga wa mkate wa kumimina, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Kila kijiwe alikitupa. Samadi hapana, alisema, samadi nimeshaijua harufu yake, inatosha. Badala ya samadi akatia maji ya mchele. Maji akayachemsha, akayaacha yapoe. Mguu wa Bibi akaukagua kidole kwa kidole, akaupaka mafuta, na kile kigutu akakifunga kwa nailoni juu ya bendeji. Ahlam alisimama pembeni anatazama jinsi mamake anavyofanya kazi.

Marekani mpya ikatandazwa uani. Bibi akasimama na fremu yake ya kutembelea, ile ya miguu minne ya mpira. Akainyanyua, akayumba. Khalaf akapiga kelele.

"Nishike, Ghaliya."

Ghaliya alikuwa na soksi na ndara. Akasita, maana kumshika Bibi ni kuingia kwenye udongo.

"Vua," Bibi alisema. "Ingia. Unaogopa kuchafuka, wewe mwenye sabuni?"

Akavua. Akaingia. Akamshika mkwewe kwapani kutoka nyuma, kifua kwa mgongo, na wakaipita ile shuka pamoja: Bibi anaruka kwa mguu mmoja, kisigino kwanza, fremu inatua mbele, na nyuma yake miguu miwili ya Ghaliya inabonyea kwa uzito wa watu wawili. Bibi aliimba. Mahali alipoyasahau maneno, Ghaliya, aliyezaliwa Muscat na hajapata kuiona Pemba, akatia ya kwake, ya uongo mtupu, wakacheka wakakaribia kuanguka. Khalaf naye, ofisa mzima wa serikali, alikuwa amekimbilia kushika pindo la shuka lisipeperuke, kanzu imejaa madoa na hana habari.

Walipofika mwisho Ahlam alileta beseni. Aliosha mguu wa bibi yake, akaukausha katikati ya vidole, kisha akasogea akaanza kuosha ya mamake.

"Acha, mwanangu, mimi mwenyewe."

"Nyamaza, Mama," Ahlam alisema. "Leo mimi ndio ninafua."

*

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa kanzu nyeupe na abaya nyeusi. Shuka ilitundikwa ukutani, kavu, udongo umepasuka pasuka. Khalaf alikisukuma kiti cha magurudumu cha Bibi mpaka mbele. Bi Buthaina naye alikuja, maana jambo kama hilo hawezi kungoja kusimuliwa. Ghaliya alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na abaya mpya.

Kamati ilizunguka. Ahlam alikuwa ameandaa hotuba nzima kwa Kiarabu, juu ya Wajapani na vita na udongo na mwili. Mmoja wa kamati, mzee mwenye bakora, aliikaribia shuka akainama, akafuata nyayo kwa kidole bila ya kugusa.

"Umeandika hapa kwamba ni mwendo wa bibi yako," alisema. "Lakini mimi sioni mwendo wa mtu mmoja. Naona mguu mmoja wa kushoto. Naona alama za mpira. Na hizi mbili za nyuma zimezama kuliko zote. Bibi yako ana miguu mingapi?"

Watu wakacheka kidogo. Ahlam alifungua mdomo aanze hotuba, na hotuba ikampotea. Aligeuka akatafuta kwa macho mpaka mlangoni.

"Mitatu," alisema.

"Mitatu?"

"Mmoja wake aliobakishiwa na Mungu. Miwili ni ya mama yangu. Amesimama pale."

Ukumbi mzima uligeuka. Ghaliya alitaka ardhi immeze. Akauvuta mtandio usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Ustadha Balqis alimwendea, akamshika mkono, akamleta mbele mpaka kwenye shuka. Yule mzee wa bakora akamwinamia kichwa kwa heshima, hakuuliza tena, na Ahlam alipita siku hiyo hiyo. Bi Buthaina alikuwa anajipangusa macho na kuwaambia walio karibu naye kwamba yule ni jirani yake, ukuta mmoja.

"Alhamdulillah," Bibi Turkiya alisema. Alimvuta Ghaliya nguo mpaka akainama, akamnong'oneza kwa Kiswahili, lakini mwenye sikio zito hanong'oni, kwa hiyo walisikia wote waliokuwa wakikijua.

"Usilie, mwanangu. Utaniliza na mimi, nijichafue kweli, na shuka yetu tumeshaitundika."

Ghaliya akacheka ndani ya mtandio. Ile shuka ya kwanza, iliyofuliwa, Bibi hakukubali itolewe kitandani kwake. Mpaka leo ndiyo anayolalia, na Ghaliya ndiye anayeifua, kwa mkono.